Sura ya Tano: Bakuli Tupu Jijini London

Asubuhi moja ya mwaka 1978, majira ya kuchipua, watawa wachache wa Kibuddha walikuwa wakitembea mmoja nyuma ya mwenzake katika mbuga ya Hampstead Heath, kaskazini mwa London. Walikuwa wamenyoa vichwa, wamejitanda mashuka ya rangi ya udongo uliokaukia juani, na kila mmoja alikumbatia tumboni bakuli la chuma lenye mfuniko, kubwa kama chungu cha kupikia wali wa familia. Walikwenda polepole, macho chini, bila kumsemesha mtu. Mabakuli hayakuwa na kitu. Walitoka nayo nyumbani matupu, na siku nyingi walirudi nayo hivyo hivyo.

Asubuhi hiyo akatokea mtu anakimbia mazoezi. Mavazi yale yakamshangaza, akataka kujua hawa ni akina nani. Hakuwa Mbuddha. Ila alikuwa na msitu. Alikuwa amenunua pori lililosahaulika huko West Sussex, kusini mwa Uingereza, liitwalo Hammer Wood, kwa nia ya kulirudishia uzuri wake wa zamani, na alikwishang'amua kwamba kazi ile inapita nguvu za mtu mmoja na umri wa mtu mmoja. Baadaye alikwenda kuketi na watawa katika mafunzo yao ya siku kadhaa. Kisha akawapa msitu wote, zaidi ya ekari 100, bila kudai senti.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu habari za Ubuddha kuingia nchi za Magharibi kwa kawaida huanzia kwingine: kwa vitabu, kwa maprofesa waliotafsiri maandiko ya Kipali na Kisanskriti, kwa Bunge la Dini la Chicago la mwaka 1893, ambako Anagarika Dharmapala wa Ceylon (Sri Lanka ya leo) na Soyen Shaku wa Japani walisimama mbele ya umati wa Wamarekani. Yote hayo ni kweli na yana uzito wake. Lakini kitabu hakili. Mtawa anakula, na kanuni aliyoapa kuishika inamkataza kujilisha mwenyewe. Hapo ndipo ilipo siri ya hekalu la Kibuddha, na ndipo mataifa ya Magharibi yalipopimwa.

Kanuni yenyewe ni hii. Mtawa wa madhehebu ya Theravada, yale ya Sri Lanka, Burma na Thailand, hatakiwi kugusa fedha. Hapiki. Haweki akiba ya chakula hadi kesho. Chakula chochote anachokula lazima kiwe kimetolewa na mtu mwingine siku hiyo hiyo, mkono kwa mkono, na akile kabla ya jua la utosi. Wala haruhusiwi kuomba. Anaweza kusimama na bakuli lake mahali watu watakapomwona, basi. Akipewa atakula. Asipopewa atarudi na njaa yake.

Sisi tuna msemo: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu hata jembe hapokei, maana kanuni hiyo hiyo inamkataza kuchimba ardhi na kukata mti ulio hai. Ukimtazama haraka utamwona mvivu aliyejitafutia hifadhi ya dini. Ukimtazama kwa utulivu utaona jambo jingine: mtu amefungwa kwa makusudi kwenye mlango wa jirani yake. Hawezi kujitenga akaishi kwa kiburi cha uchamungu wake, kwa sababu kila asubuhi uhai wake unategemea mtu aliyeamka akawasha jiko. Jamii ikimchoka, itamwacha, na hekalu litafungwa lenyewe bila serikali kutia neno. Dini nyingine zilizovuka bahari katika karne za ukoloni zilikuwa na manowari nyuma yake, au hazina ya dola. Hii ilikuwa na bakuli.

Jaribio la kwanza la kulifikisha bakuli hilo Uingereza halikudumu hata mwaka. Mwaka 1908 alifika London kutoka Burma Mwingereza Allan Bennett, aliyekwisha kutawazwa kwa jina la Ananda Metteyya. Mwaka mmoja kabla, wasomi na marafiki wa Ubuddha walikuwa wameunda chama cha kumpokea. Walikuwa watu waungwana na walimpenda. Lakini hawakuwa wamefikiri itakuwaje kuishi na mtawa katika mji wa nauli, vyumba vya kukodi na chakula cha jioni. Hawezi kushika pesa. Nani ampandishe gari? Hawezi kula baada ya adhuhuri. Nani aache kazi yake kumletea sahani saa tano? Njiani watu walimkodolea macho mavazi yake. Baada ya miezi kama sita akapanda meli kurudi Burma. Chama kilikuwa na wasomaji hodari na mihadhara mizuri. Kilichokosekana ni watu wa kupika.

Berlin palitokea kinyume chake. Daktari Paul Dahlke, tabibu aliyesafiri Asia mara nyingi, alijenga kwa mali yake Nyumba ya Kibuddha katika kitongoji cha Frohnau, ikakamilika mwaka 1924. Hadi leo mgeni anaifikia kwa kupanda ngazi 73 zilizogawanywa vipande vinane, kwa ajili ya ile Njia yenye Sehemu Nane aliyoifundisha Buddha. Kila kitu kilikuwapo: bustani, maktaba, mahali pa kutafakari. Jumuiya ya watawa ndiyo haikuwapo. Dahlke akafariki mwaka 1928, na nyumba ikabaki kwa ndugu zake, ikapita enzi ya Hitler na vita, ikawahi kuhifadhi wakimbizi, ikachakaa. Aliyeiokoa hakuwa Mjerumani. Mwaka 1957 shirika la Wabuddha wa Sri Lanka liliinunua na kuanza kupeleka watawa pale. Jengo lilikuwa limesubiri zaidi ya miaka 30 kupata wakazi wake.

Tangu kabla ya hayo, upande wa pili wa Atlantiki, kulikuwa na Wabuddha ambao hawakumsubiri msomi yeyote awagundue. Wachina waliokimbilia dhahabu ya California walijenga mahekalu San Francisco tangu miaka ya 1850, wakaweka humo miungu ya baharini na ya vijijini kwao pamoja na sanamu za Kibuddha, kwa sababu ndivyo walivyolelewa kuabudu. Septemba 1899 wakafika makasisi wawili wa Kijapani wa madhehebu ya Jodo Shinshu, Shuye Sonoda na Kakuryo Nishijima, kuwahudumia Wajapani wa pwani ile: wavuvi, vibarua wa mashamba ya matunda, wenye maduka madogo. Makasisi hao huoa na kuishi na familia zao, kwa hiyo habari ya bakuli haikuwahusu. Lakini mfupa wa jambo ni ule ule: hekalu lilisimama kwa sababu kulikuwa na watu waliolihitaji kuzika wafu wao, kuwakumbuka na kula pamoja.

Naomba msomaji akae kidogo na watu hawa, kwa sababu vitabu vingi vinawaruka. Japani iliposhambulia Pearl Harbor tarehe 7 Desemba 1941, makasisi wa Kibuddha walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kukamatwa, pasipo kosa, kwa kuwa tu walikuwa viongozi wa jamii yao. Februari 1942 Rais Roosevelt akasaini amri iliyofungua njia ya kuwahamishia makambini watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani, wengi wao wakiwa raia waliozaliwa Marekani. Familia zilipewa siku chache tu za kufunga nyumba. Waliruhusiwa kubeba kile ambacho mikono inaweza kubeba. Vilivyobaki, yaani masanduku, cherehani, vyombo na picha, vingi vilirundikwa ndani ya mahekalu, milango ikafungwa kwa misumari.

Makambini, jangwani, waliwasha uvumba kwenye vibanda vya mbao na kuchonga madhabahu kwa mabaki ya masanduku. Tarehe 8 Aprili ni siku ya kuzaliwa kwa Buddha kwa kalenda ya Wajapani. Waumini humwagia chai tamu sanamu ndogo ya mtoto aliyesimama. Katika kambi moja hapakuwa na sanamu. Wakachukua karoti, wakaichonga mtoto. Nimesoma habari za mahekalu ya dhahabu na ya marumaru, na bado karoti ile inanigusa kuliko yote.

Mwaka 1944, wangali kizuizini huko Topaz, jimbo la Utah, walibadilisha jina la jumuiya yao, wakajiita Makanisa ya Kibuddha ya Marekani. Walikuwa tayari na mabenchi kama ya kanisani, kinanda na madarasa ya dini ya Jumapili kwa watoto. Wako wanaolitazama jina hilo kama kujisalimisha. Mimi siwezi kuwalaumu watu waliokuwa nyuma ya seng'enge kwa kutafuta neno ambalo mlinzi wa lango angelielewa. Na vita ilipokwisha, waliporudi wakakuta nyumba zao zimechukuliwa, mahekalu yalifunguliwa wakalala humo, familia kwa familia, vitambaa vikitundikwa kuwa kuta.

Turudi London. Dharmapala alikuwa amefungua huko kituo cha watawa mwaka 1926, na Wathai nao walifungua chao miaka ya 1960, ambacho baadaye kilihamia Wimbledon. Hekalu la Wimbledon ni jeupe, lenye paa la ngazi ngazi na ncha zinazochongoka kama pembe, na limekaa katikati ya nyumba za matofali za Waingereza. Kuta za ndani zilichorwa na vijana kutoka Thailand kati ya miaka ya 1984 na 1992, na ukitazama vizuri katika msongamano wa mashetani na malaika wanaomzunguka Buddha utaikuta sura ya Margaret Thatcher, aliyekuwa Waziri Mkuu wakati brashi zikifanya kazi. Wachoraji wa Thailand wana desturi ya kutia watu wa zama zao ndani ya hadithi takatifu. Nao zama zao zilikuwa hizo, katika mji huo.

Hata hivyo mahekalu hayo yalihudumia hasa watu wa kwao. Waingereza waliotaka kuwa watawa walikuwa na chama chao, English Sangha Trust, kilichoundwa mwaka 1956, na nyumba katika barabara ya Haverstock Hill. Kwa miaka 20 chama hicho kilipanda na kushuka. Watawa walitawazwa, wakachoka, wakavua mavazi. Mwaka 1977 chama kikamwalika Ajahn Chah, mwalimu wa watawa wa misituni kaskazini-mashariki mwa Thailand, mwana wa wakulima wa mpunga. Alikuja na wanafunzi wake wa kizungu, akiwemo Mmarekani aliyeitwa Sumedho, mzaliwa wa Seattle, aliyewahi kuwa baharia wa jeshi na kisha mwalimu wa kujitolea kisiwani Borneo, na ambaye alikuwa amekaa kwake kwa miaka kumi.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na baa. Jioni, watu walipoketi kutafakari, muziki wa bendi uliingia kwa madirisha. Wenyeji waliona haya mbele ya mgeni. Mzee hakutikisika, aliwafundisha kwamba sauti haikuja kuwasumbua wao, wao ndio waliotoka nje kwenda kuisumbua sauti. Alipoondoka akawaacha wanafunzi wanne na agizo moja: kila asubuhi watoke na mabakuli yao, wapewe wasipewe.

Agizo hilo, kwa akili ya kawaida, halikuwa na maana. Hakuna mtu Hampstead aliyejua kwamba mtu mwenye bakuli anapaswa kutiliwa wali. Wafadhili walikuwa wakileta chakula nyumbani, kwa hiyo hata njaa haikuwatoa nje. Lakini mzee yule alitoka katika vijiji ambako mtawa kupita alfajiri ni sehemu ya alfajiri yenyewe, kama jogoo na moshi wa jikoni, na alijua kitu ambacho wasomi wa mwaka 1908 hawakukijua. Mtu hawezi kukupa mkono usiponyoosha wako. Watawa wakanyoosha, mwezi baada ya mwezi, kwenye ukungu na mvua, mpaka asubuhi ile akatokea mtu mwenye msitu.

Msitu peke yake haukutosha, maana sheria za mahali pale hazikuruhusu kujenga humo nyumba ya kudumu. Mwaka 1979 chama kikauza mali yake London na kununua jumba la zamani karibu na msitu, Chithurst House. Walihamia mwezi Juni. Paa lilivuja, mbao zilikuwa zimeliwa na ukungu, na bustanini magari mabovu yalikuwa yamezama kwenye magugu. Watawa na wafuasi walishinda wakibomoa sakafu, wakifagia vumbi na kuburura vyuma. Kwa kuwa mtawa hawezi kukata mti wala kushika fedha, walimtumia mtu wa katikati: yule anayejiunga kwa mwaka wa kwanza, mwenye mavazi meupe na amri nane tu, ambaye anaweza kuendesha gari, kulipa dukani, kuwasha jiko. Cheo hicho hakikuwa kipya katika Ubuddha, lakini Uingereza kilikuwa daraja ambalo bila hilo nyumba nzima isingesimama.

Mwaka 1981, Anandamaitreya, mtawa mzee na msomi kutoka Sri Lanka, aliweka mipaka ya eneo la kutawazia, na mwezi Julai watawa wapya wakatawazwa pale pale, katika ardhi ya Sussex. Tangu hapo Mwingereza hakulazimika kupanda ndege kwenda Asia ili awe mtawa.

Watu walizidi nafasi. Mwaka 1984 jumuiya ikafungua Amaravati, kijijini Hertfordshire, katika kambi ya vibanda vya mbao iliyojengwa mwaka 1939 kwa ajili ya kuwaepusha watoto na mabomu ya London. Hekalu lake kubwa lilifunguliwa Julai 1999.

Ukitaka kuelewa pale ni mahali gani, usiende kwanza hekaluni. Nenda kwenye chakula cha mchana. Familia ya Kisrilanka imeshusha sufuria kutoka kwenye buti la gari: wali, dengu, mchuzi wa nazi unaonukia majani ya mchuzi. Mama wa Kithai amekuja na samaki na embe. Mwanamke wa Kiingereza aliyestaafu ualimu ameleta mkate aliouoka asubuhi, na hajui vizuri auweke wapi. Vyote vinapangwa mezani. Kisha wanashika ukingo wa meza, wazee kwa vijana, wanaiinua kidogo kutoka sakafuni, na mtawa upande wa pili anaigusa. Basi, imetolewa mkono kwa mkono. Yule wa mkate aliyeinua meza kwa mara ya kwanza huwa anaonekana usoni kwamba kuna kitu kimempata. Sisi tuliolelewa katika nyumba ambazo sahani ya futari huvuka uani kwenda kwa jirani kabla ya adhana tunamwelewa: mtoaji naye hushiba.

Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu Wabuddha wapatao 273,000 katika England na Wales, nusu ya asilimia moja ya watu wote. Ni wachache. Na wanaosoma vitabu vya kutafakari, au kusikiliza mafunzo yake kwenye simu, ni wengi kuliko hao mara nyingi. Wengi wao wanataka tafakuri bila hekalu, na sina ugomvi na mtu aliyepata usingizi au utulivu kwa njia hiyo. Lakini ninasikitika wanapoambiwa kwamba hekalu ni ganda na wao wamepewa kiini. Kuinua meza ile ni mafundisho. Kujifunza kwamba chakula chako ni zawadi, kila siku, bila likizo, ni mafundisho.

Wala hekalu si mahali pasipo na dhuluma. Chithurst walifika wanawake tangu mwaka wa kwanza, wanne, wenye mavazi meupe. Wakabomoa na kujenga sawa na wanaume. Katika Theravada mnyororo wa kutawaza watawa wa kike kikamilifu ulikuwa umekatika karne nyingi nyuma, hivyo mwaka 1983 walibuniwa daraja jipya la amri kumi na mavazi ya kahawia. Lilikuwa jambo la ujasiri kwa wakati wake. Lakini daraja hilo liko chini ya lile la wanaume, na mtawa wa kike aliyetimiza miaka 20 katika utawa hukaa nyuma ya kijana aliyetawazwa jana. Oktoba 2009, huko Perth, Australia, monasteri iliyozaliwa na mwalimu yule yule, Ajahn Chah, ilishiriki kuwatawaza wanawake wanne kikamilifu. Wazee wa Thailand wakaifuta katika orodha ya matawi yao. Mwaka huo huo watawa wa kike wa Uingereza waliwekewa masharti yaliyothibitisha nafasi yao ya chini, na baadhi yao wakaondoka. Kwa imani yangu wazee walikosea. Wale wanawake walilishwa na meza ile ile, na waliomwinulia mwanaume meza hawakumwinulia zaidi.

Bakuli halikukomea Uingereza. Kwetu Afrika Mashariki Ubuddha ulishafika na Wasinhala wa Sri Lanka waliokuja Dar es Salaam mwanzoni mwa karne ya 20, wakajenga hekalu na kupanda mti wa bodhi. Lakini Mganda wa kwanza kurudi nyumbani akiwa na mavazi ya mtawa aliyapata California. Alikwenda India mwaka 1990 kusoma chuo kikuu, akakutana na watawa huko, na mwaka 2002 akatawazwa katika kituo cha tafakuri mjini San Jose na mwalimu kutoka Burma, akaitwa Buddharakkhita. Mwaka 2005 akaanzisha Kituo cha Kibuddha cha Uganda, karibu na Entebbe. Mama yake mzazi alimfuata katika utawa.

Amesimulia jinsi watu wa kwao walivyomtazama siku za mwanzo, akipita njiani na shuka lake na lile bakuli kubwa lenye mfuniko. Wengine walidhani amebeba ngoma.